Mtoto wa Sarakasi si Samaki wa Kukunjwa

Mtoto akikwama miezi mitatu kwenye samasoti ya nyuma, Temeke nzima ina jibu moja: aongezewe saa. Kocha anasema hivyo, mjomba aliyempeleka mazoezini anasema hivyo, hata jirani anayepita na ndoo yake ya maji naye ana ushauri huohuo. Ikibidi kuyapa maneno uzito, mtu anatoa methali: samaki mkunje angali mbichi. Hapo mjadala umefungwa. Mtoto wa miaka tisa anatoka kwenye saa mbili za mazoezi kwenda tatu, siku nne zinakuwa sita, na asipoendelea anaitwa mvivu.

Naipinga imani hiyo, pamoja na methali yake. Samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Mtoto yu hai na anakua, na mara nyingi kukua huko ndiko kunakomkwamisha.

Tuanze na saa zenyewe, maana wanaozidai hawazipigii hesabu. Chukua kundi la watoto 30 na godoro moja kuukuu, kama vilivyo vikundi vingi vya mtaani vinavyojifunzia kwenye mchanga na matairi ya gari. Kila mtoto akitumia nusu dakika kukimbia, kuruka, kutua na kumpisha mwenzake, mzunguko mmoja unakula dakika 15. Kwa saa tatu kila mmoja ameruka mara 12. Ni dakika sita za mazoezi. Muda uliobaki wote ni foleni. Ongeza saa ya nne, umempa miruko minne zaidi, tena miguu imechoka na akili iko kwenye chakula. Hiyo minne ya mwisho ndiyo ninayoiogopa. Kocha huyohuyo angewagawa, 15 leo na 15 kesho, kila mtoto angepata miruko 12 ileile kwa saa moja na nusu, akabaki na jioni nzima ya kupumzika au kufanya kazi za shule.

Sasa mwili. Mtoto anayerefuka kutoka sentimita 140 hadi 154 ameongezeka asilimia 10 tu kwa urefu. Lakini mwili wake ukipanuka kwa uwiano uleule, ugumu wa kuuzungusha hewani unapanda kwa takriban asilimia 60, wakati nguvu ya misuli inayomrusha imeongezeka kama asilimia 20. Ndiyo maana binti aliyekuwa akipinduka vizuri mwaka jana, mwaka huu anatua kwa magoti. Hajasahau. Amepewa mwili mpya na hajauzoea. Kocha asiyelijua hilo anaona uzembe, anaamuru marudio hamsini.

Na marudio hayo yanaangukia wapi? Kwenye viganja na mgongo. Karibu na kifundo cha mkono, mfupa wa mtoto una sehemu laini ambayo kwayo unarefuka, na sehemu hiyo haihimili vishindo kama mfupa uliokomaa. Michezo mingi haimtaki mtoto abebe mwili wake wote kwa mikono. Sarakasi na jimnastiki zinamtaka afanye hivyo kila siku. Madaktari wa michezo wanalijua vizuri jeraha la sehemu hiyo laini. Linakuja polepole, bila kishindo wala damu, kwa hiyo mtoto anaambiwa ajikaze.

Watafiti wa Chicago waliochapisha kazi yao mwaka 2015, baada ya kuwachunguza wanamichezo wachanga zaidi ya 1,000, waligundua kwamba wale waliofanya mazoezi kwa wiki saa nyingi kuliko umri wao walikuwa katika hatari zaidi ya majeraha mabaya ya kutumia mwili kupita kiasi. Miaka tisa, basi saa tisa kwa wiki. Wetu wa saa tatu mara siku sita amefika 18. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinashauri angalau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Si ushauri wa matajiri: mapumziko hayanunuliwi dukani.

Najua nitakumbushwa Wachina. Ni kweli, mwaka 1965 Tanzania ilipeleka vijana 20 China kujifunza sarakasi, wakarudi 1969 na kuwa kundi la taifa. Walifanya kazi ngumu, sibishi. Lakini walikuwa mafunzoni muda wote, chini ya walimu waliobobea, na mafunzo yenyewe yalichukua miaka minne. Sisi tumechukua ukali tukaacha miaka.

Nitaonyeshwa pia simu yenye video ya Ramadhani Brothers, Fadi Ramadhan na Ibrahim Job, waliobebana kichwa kwa kichwa wakashinda shindano la vipaji la America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024. Haya, tazameni vizuri: ni wanaume wazima. Kwa jimnastiki ya mashindano, wanawake hawaruhusiwi michuano mikubwa ya dunia kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 16, na sheria hiyo ipo tangu 1997. Simone Biles wa Marekani alitwaa taji la Olimpiki la Paris akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishindana Tokyo akiwa na miaka 46, Olimpiki yake ya nane. Haraka ya kummaliza mtoto wa darasa la tatu inatoka wapi?

Nadhani inatoka kwetu wakubwa. Wengine tumelelewa na halaiki, mamia ya wanafunzi wakikaririshwa mchezo mmoja hadi wote wafanane siku ya sherehe pale Uwanja wa Uhuru, tukaamini kila mchezo unafundishwa hivyo. Wengine wanaona ajira: hoteli za Zanzibar, sarakasi za Ulaya, na umaskini hauna subira. Hilo la pili ninalielewa na silicheki. Lakini kiganja kilichoharibika akiwa na miaka 11 hakitampeleka Ulaya. Zaidi ya yote, kuongeza saa kunamwondolea kocha swali gumu: je, nafundisha vizuri? Kosa lote linabebeshwa mwenye miaka tisa.

Kwa hiyo, mzazi wa Mbagala, Tandika, Yombo au Keko, ukienda kumchukua mwanao usiulize amekaa saa ngapi. Uliza ameruka mara ngapi, na lini anapumzika. Akirefuka ghafla, mwombe kocha amrudishe kwenye hatua za mwanzo kwa muda, bila kumtia aibu mbele ya wenzake. Na akikuambia mkono unauma, usimwambie ajikaze. Mpeleke hospitali, na wiki hiyo mwache nyumbani.