Maneno ya Stejini Hayafungui Klampu

Kila dereva wa Nakuru ana wakili wake wa bure. Mwingine humpata stejini, mwingine kwa kinyozi, mwingine kwa fundi anayefunga breki huku akitoa hukumu. Wakili huyu hana shaka na jambo lolote. Anajua saa ambazo kanjo, yaani askari wa kaunti, huenda chai, anajua barabara isiyolipiwa, na anajua la kusema ukikuta gurudumu limebanwa na chuma cha manjano. Ila siku gari lako likifungwa, huwa hayupo.

Tangu Nakuru itangazwe kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, mawakili wa aina hii wameongezeka kama magari yenyewe. Nimeyachukua madai yao sita ninayoyasikia zaidi nikayapima kwa yaliyoandikwa. Kabla ya kuanza, tukubaliane jambo moja: kupaki kuna pesa na kuna mahali. Pesa inatozwa chini ya sheria ya kaunti. Mahali panaangaliwa pia na sheria ya trafiki ya nchi nzima. Karibu kila kosa la wakili wa stejini linatokana na kuyachanganya haya mawili.

Dai la kwanza: “Kanjo hana mamlaka juu ya gari. Gari ni la polisi wa trafiki.”

Jina kanjo lilitokana na mabaraza ya miji ya zamani, ambayo yalikufa ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Mabaraza yalizikwa, jina likabaki, na pamoja nalo ikabaki dhana kwamba mwenye jina hilo ni mtu wa kubabaisha tu. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Jedwali la Nne, katika orodha ya kazi za kaunti, linataja barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Maegesho yametajwa waziwazi.

Hata hivyo, dai hili lina punje ya ukweli ambayo wengi hawaitumii. Kifungu cha 210 cha Katiba hiyo hiyo kinakataza kodi au ada ya leseni isiyotokana na sheria, na ada za kaunti hupitishwa na bunge la kaunti katika Sheria ya Fedha. Kwa hiyo askari anaweza kukudai kilichoandikwa, lakini hawezi kubuni bei akiwa ameegemea boneti yako. Akikutajia kiasi, muulize kwa upole kimeandikwa wapi. Na hatua aliyochukua ikikuumiza, Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kuelezwa sababu zake kwa maandishi.

Dai la pili: “Nimelipa, kwa hivyo napaki popote.”

Ulicholipia ni nafasi iliyotengwa. Hukununua mdomo wa makutano, wala kivuko cha watu, wala lango la duka la mtu. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinataja faini ya shilingi 10,000 kwa kuacha gari likizuia wengine, na shilingi 5,000 kwa kuendesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu. Hakuna mahali zinaposema kwamba mwenye risiti ya kaunti amesamehewa.

Ndiyo maana hata ubishi wa “Jumapili ni bure” haukufikishi mbali. Siku na saa za kulipia zimo katika sheria ya kaunti, na hapo ndipo pa kuziangalia. Lakini hata siku ambayo hudaiwi hata shilingi, gari lililofunga njia limefunga njia. Sheria ya trafiki haiendi kanisani.

Nafasi za watu wenye ulemavu nazo ziko katika mkumbo huu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa beji ya gari kwa wanaostahili. Kama huna beji, nafasi hiyo si yako, hata kama imekaa wazi tangu asubuhi.

Dai la tatu: “Nilisimama dakika mbili tu, na hazadi zilikuwa zinawaka.”

Simama pembeni ya Gusii Road saa sita mchana uone dakika mbili zinavyofanya kazi. Probox moja inasimama katikati ya njia ili mtu achukue katoni dukani. Mkokoteni wa viazi unashindwa kupita, boda wawili wanapanda njia ya miguu, mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kuwapisha, na matatu iliyo nyuma inaanza kupiga honi. Mwenye Probox anarudi akikimbia, katoni begani, na anashangaa kelele ni za nini.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haiulizi umekaa muda gani wala ni taa gani zinawaka. Inauliza kama gari liko mahali ambapo linazuia wengine au linaelekea kuwazuia. Hazadi ni za kuwatahadharisha wenzako, kwa mfano gari linapokufa njiani. Haziwezi kuwa kibali cha kununua mkate.

Dai la nne: “Ukishatoka mjini hakuna kanjo. Paki kando upendavyo.”

Hili silichekei. Kandokando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara, chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu ya Kenya, KeNHA. Lakini tuache mamlaka, tuongee uhai. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliparamia magari, wachuuzi na wapita njia kwenye makutano ya Londiani, katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho. Walikufa watu zaidi ya 50. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosimama kando ya lami, wakiuza, wakinunua au wakisubiri gari.

Kwa hiyo ukienda kula nyama Kikopey, ingiza gari uwanjani kabisa, mkia usibaki barabarani. Ukitaka viazi au kabeji za kando ya njia, tafuta mahali pa kutoka nje ya lami, au nenda sokoni. Hapo kukosekana kwa kanjo si bahati.

Dai la tano: “Nikituma pesa kwa simu, nimemaliza.”

Mimi mwenyewe niliamini hivyo hadi siku moja nilipokwenda mjini kutafuta bearing za gurudumu. Nililipa nikiwa bado kwenye usukani, nikaona ujumbe umeingia, nikaenda zangu. Niliporudi nilimkuta askari amesimama kando ya gari.

“Mkubwa, hili halijalipiwa.”

Nikamwonyesha simu kwa kiburi cha mtu mwenye ushahidi. Akausoma ujumbe, akatazama namba ya gari, akausoma tena. Nilikuwa nimeandika D mwishoni badala ya B. Nilikuwa nimemlipia mtu nisiyemjua, pengine aliyekuwa nyumbani kwake siku hiyo. Sikuwa na la kumlaumu askari. Nililipa mara ya pili.

Simu imetuondolea foleni ila haikutuondolea kazi ya kusoma. Hakikisha namba ya gari hadi herufi ya mwisho, tazama tarehe, na uhifadhi ujumbe hadi utakapoondoka. Na usisahau kwamba kaunti ziko 47, kila moja na Sheria yake ya Fedha. Risiti ya asubuhi ya Nairobi ni karatasi tu ukifika Nakuru.

Dai la sita: “Mpe mia mbili yaishe.”

Hayaishi. Mia mbili ya mkononi haina risiti, na zamu ikibadilika anayekuja hajui mlikubaliana nini na mwenzake. Tena Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 haimtazami mpokeaji peke yake. Mtoaji pia ana kosa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Hata namba ya simu ya mtu binafsi unayotajiwa kama njia ya kulipa ada ya kaunti haina tofauti na mkono mtupu. Pesa ya kaunti inaingia katika akaunti ya kaunti, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za mapato ambayo kila kaunti imekusanya. Mia mbili yako haitaonekana humo.

Najua anayetoa mia mbili hufanya hivyo kwa kuamini kwamba mambo haya huamuliwa na wakubwa, na yeye hana usemi. Anao, ila hautumii. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na Mswada wa Fedha, ambamo ada za maegesho hupangwa, huja kila mwaka. Tangazo la vikao likitoka, nenda ukaseme ada ni kubwa, au alama za barabarani zimefutika, au gari hufungwa bila onyo. Ukitaka nakala ya sheria iliyopitishwa, iombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu.

Kwa hivyo dereva mwenzangu, wakili wa stejini mwachie mpira na siasa. Kabla hujafunga mlango wa gari, tazama umesimama wapi, kisha soma risiti yako hadi herufi ya mwisho.