Nafasi ya Kwanza Haizibi Jino

Tarehe 1 Januari 2012, wasimamizi wa mtihani wa taifa wa meno nchini Marekani waliacha kutangaza alama za sehemu ya kwanza ya mtihani huo, ile ambayo wanafunzi walikuwa wakiifanya aghalabu baada ya miaka miwili ya mwanzo ya masomo yao, na tangu siku hiyo mtahiniwa akawa anaambiwa jambo moja tu, kwamba amefaulu au hakufaulu. Mtihani ule uliwekwa ili majimbo yapate kujua ni nani anayestahili leseni ya kutibu, wala haukukusudiwa kuwa mizani ya kumtukuza huyu juu ya yule. Lakini vyuo vya ubingwa vilikuwa vimezigeuza alama zake kuwa kigezo cha kuwachuja waombaji, na vijana, kwa kulijua hilo, walijifungia miezi wakikariri kwa ajili ya nambari ambayo hakuna mgonjwa atakayewauliza.

Uamuzi ule ulikuwa wa busara, lakini haukudumu katika maana yake. Waliokuwa wakichagua wanafunzi wa ubingwa walitaka nambari nyingine badala ya ile iliyoondolewa, na ilipofika mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilileta mtihani mpya, wenye alama kamili, kwa ajili ya waombao masomo ya juu; ilhali wanaotaka upasuaji wa kinywa na taya wamekuwa wakipimwa kwa mtihani wa sayansi za msingi uliotungwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari wa jumla. Mashindano yakarudi palepale.

Siwalaumu vijana wenyewe. Mtu anayeingia chuo cha meno Marekani kwa kawaida amekwisha kusoma shahada ya kwanza, kisha husoma miaka minne mingine, na wengi wao hutoka na deni ambalo kwa wastani linakaribia dola 300,000. Nafasi za kujifunza ubingwa wa kunyoosha meno au wa upasuaji ni chache, waombaji ni wengi, na ujira wa mabingwa hao ni mkubwa. Hivyo mwenye deni kama hilo akiambiwa kwamba walio juu ya darasa ndio watakaoitwa kwanza, itakuwa ajabu asipomtazama jirani yake kwa jicho la husuda.

Lakini hebu atazamwe kwa karibu mwanafunzi huyo akiwa kazini, kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Mbele yake kipo kichwa cha sanamu chenye taya la plastiki, na katika taya hilo gego moja analotakiwa kulichonga ili livishwe taji. Hufanya kazi kwa kutazama kioo kidogo, ambamo mwendo wa mkono huonekana kinyume, akipunguza sehemu ya juu ya gego kwa milimita moja na nusu au mbili, na akiziacha kuta zake zielekeane kidogo sana kadiri zinavyopanda, kwa maana zikilala mno taji halitashika, na zikipanuka kuelekea juu halitaingia. Akimaliza, mwalimu huinama, hupitisha kijiti cha chuma ukingoni, hutazama, kisha huandika alama. Na mwalimu wa pili akiitazama kazi ile ile huenda akaandika nyingine, jambo ambalo wanafunzi wa meno wanalijua sana, na ndiyo sababu baadhi yao humngojea mwalimu mpole. Tofauti kati ya mwenye 92 na mwenye 89, ambayo itamnyima mmoja wao usingizi usiku ule, huenda imetokana na jicho la mpimaji tu. Ama tofauti kati ya aliyelikwaruza jino la jirani kwa mashine yake na aliyelisalimisha, hiyo ni tofauti ya kweli, na mgonjwa ndiye atakayeilipia.

Mwaka 2007 chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Indiana kiliwaadhibu wanafunzi 46 wa mwaka wa pili, karibu nusu ya darasa zima: 9 walifukuzwa, 16 wakasimamishwa, na 21 wakapewa barua za karipio, baadhi yao kwa kufungua kabla ya wakati picha za mtihani zilizohifadhiwa kwa neno la siri, na wengine kwa kujua na kunyamaza. Hawa hawakuwa wajinga wala wavivu, kwani mjinga na mvivu hawafiki mahali pale; na darasa likishafundishwa kwamba alama ndiyo thamani ya mtu, si ajabu nusu yake ikaona kwamba uaminifu ni hasara.

Katika kliniki ndipo ghera hii inapomfikia mgonjwa. Vyuo vingi vimekuwa na desturi ya kumtaka mwanafunzi atimize hesabu ya kazi kabla ya kuhitimu, meno kadhaa ya kuziba, kadhaa ya kung'oa, seti kadhaa za meno bandia, na palipo na hesabu hapakosi mtu anayemficha mgonjwa anayefaa asichukuliwe na mwenzake, au anayeanza na kazi inayomkamilishia hesabu kabla ya jino linalouma. Vipo vyuo vilivyogeuka, vikamkabidhi mwanafunzi mgonjwa mzima na mahitaji yake yote, nami naona hivyo ndivyo inavyopasa.

Watu watauliza: nafasi za kwanza hadi za mwisho darasani zikiondolewa, nani atajitahidi? Chuo cha meno cha UCLA mjini Los Angeles kimewapima wanafunzi wake kwa muda mrefu kwa kufaulu na kutofaulu, na wahitimu wake wanaendelea kupokelewa katika masomo ya ubingwa. Kwetu pia jambo hili si geni tena, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha, Januari 2023, kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora za kidato cha nne. Walionung'unika walikuwapo, mitihani ikaendelea, na watoto wakaendelea kusoma.

Basi nawaomba wakuu wa vyuo vya meno, huko na huku kwetu, wakipandishe kiwango cha kufaulu juu kadiri watakavyo, wamrudishe mezani anayelikwaruza jino la jirani hata mara kumi, lakini waiondoe orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho. Na wanaochagua mabingwa wawaite waombaji, wawape kichwa cha sanamu na mashine, wakae nao siku nzima katika kliniki, wawaone namna wanavyozungumza na mgonjwa mwenye hofu, ndipo waamue.