Programu ikifa, mwombaji aambiwe

Mwanafunzi wa Bodo, mkabala wa kisiwa cha Funzi, amalizapo kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kwa njia ya intaneti. Hebu tumfikirie mmoja, siku ya mwisho ya maombi. Amejaza kurasa zote na kulipa ada kwa simu. Abonyezapo kitufe cha mwisho, ukurasa unageuka mweupe pe, au unajaa Kiingereza kinachotaja kosa la kufisha, jina la faili na nambari ya mstari.

Ni nani aliyekufa? Kwa waandishi wa programu, istilahi hiyo ina maana finyu: programu imeshindwa kuendelea, ikakoma. Mwanafunzi asiyeijua hudhani ni ombi lake lililokufa. Hulipa tena, au hukata tamaa.

Wapo watakaodai kwamba ajali hiyo haiepukiki. Huenda, lakini kimya kinaepukika. Chukua PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi. Tangu toleo la 7 la mwaka 2015, makosa mengi yaliyokuwa yakiiua programu papo hapo yanaweza kudakwa na kushughulikiwa. Hata programu ikivuka kiasi cha kumbukumbu ilichotengewa, mwandishi anaweza kuandaa kazi ya mwisho, itekelezwe inapokata roho.

Kazi hiyo ina wasomaji wawili. Fundi aandikiwe faili, mstari na saa katika daftari la seva lisiloonekana na umma, kwani maelezo hayo humwonyesha mwizi njia. Mwombaji aambiwe kwa Kiswahili sanifu kwamba hitilafu si yake, asilipe tena kabla ya kuthibitisha malipo ya kwanza, na apewe nambari ya tukio ya kuitaja aombapo msaada.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Urasmi huo usikome pale mtambo unapoharibika. Walimu wa tarakilishi na wa Kiswahili washirikiane: afunzwaye kuandika programu afunzwe pia kuandika ujumbe wa kosa.

Mashua iendayo Funzi ikipata hitilafu, nahodha hawanyamazii abiria, wala hawasomei ufundi wa mitambo. Huwaambia wakae wapi na wafanye nini. Mwombaji naye hadai zaidi ya hayo.