Kupima Mara Moja

Ndugu msomaji wa Kiswere, leo umepita shambani. Mikorosho iliyopulizwa salfa ndiyo yenye ubwiri unga. Je, salfa imeleta ugonjwa? Hapana. Huenda ugonjwa ulitangulia, salfa ikafuata. Kutazama mara moja hakuonyeshi kilichotangulia.

Mwaka 2022 Serikali ilipima malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, katika nyumba zilizochaguliwa nchini. Kati ya kila watoto 100, kama 8 walikuwa nayo. Kupima huko kulionyesha ugonjwa umeenea kiasi gani wakati ule. Peke yake hakuonyeshi chanzo.

Ukisikia nyumba zenye chandarua zina homa, usitupe chandarua. Huenda homa ilitangulia. Malaria huletwa na mbu. Laza mtoto ndani ya chandarua kila usiku.