Wenyeji Ndio Wenye Mji

Kiswahili kina maneno matatu ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni pacha: raia, mkaazi na mwenyeji. Raia ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake lilihusu kundi lenye mchungaji, kisha likawahusu watu walio chini ya mtawala. Mkaazi ni yule anayekaa mahali, awe na sauti hapo au asiwe nayo. Lakini mwenyeji, ukilichambua neno lenyewe, ni mwenye mji. Tofauti hii si ya kamusi tu. Miji yetu ya Kenya imejaa raia na wakaazi. Wenyeji ndio haba.

Ndiyo maana ni haki kuwasifu watu wanaojiunga katika vikundi, bila ya kusukumwa na chifu wala kuahidiwa posho, ili watengeneze mahali wanapoishi. Hata hivyo, sifa pekee haitoshi. Nionavyo mimi, kikundi kinachoshika ufagio kikaiacha kalamu hufanya nusu ya kazi, na nusu hiyo nayo huliwa na wakati. Aidha, kalamu hiyo haina budi kuandika kwa lugha ambayo wenye mji wanaielewa.

Tuanze na Dandora, mashariki ya jiji la Nairobi. Mtaa huu ulianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukagawanywa viwanja vipatavyo 6,000 ambavyo wenyewe walitakiwa kujijengea nyumba hatua kwa hatua. Wapangaji wa mtaa waliacha nyua baina ya nyumba ili ziwe mali ya majirani wote. Miaka ilipopita, nyingi ya nyua hizo ziligeuka kuwa mahali pa kutupia taka, na jaa kuu la jiji zima likawa papo hapo jirani. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kukipita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo.

Katika miaka ya 2010, vijana wa mtaa huo, wakiunganishwa na kikundi kiitwacho Dandora Transformation League, walianza kuzirudisha nyua hizo mikononi mwa watu. Walizoa taka, wakapanda miti, wakapaka kuta rangi, na wakaanzisha mashindano ya ua kwa ua. La kupendeza zaidi ni kwamba hawakuridhika na usafi wa siku moja, ule wa kupigwa picha na kutawanyika. Walitafuta njia ya kuutunza ua kwa mapato ya ua wenyewe: ada ndogo kutoka kwa nyumba zinazouzunguka, uoshaji wa magari na maegesho. Hapana shaka kwamba kijana aliyepanda mti akauona unakua hatakubali kirahisi mtu autupie taka shinani.

Naam, hayo yametendeka kwa ufagio. Lakini jaa je? Uamuzi juu ya jaa hauko mikononi mwa mwenye ufagio. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Jaa huondolewa kwa sera, kwa bajeti na kwa zabuni, na mambo hayo hufanywa kwa maandishi. Mtu asiyeyasoma maandishi hayo atabaki akifagia mlangoni pake huku uchafu ukiletwa kwa malori.

Sasa na tuelekee Lamu, mji ambao sehemu yake ya kale iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Huko, vikundi vya wenyeji viliungana chini ya jina la Save Lamu. Mnamo Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira ilitoa leseni ya kujengwa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, mtambo uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050. Wenyeji hawakuchoma magurudumu barabarani. Walipeleka rufani mbele ya jopo la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaibatilisha leseni.

Je, hoja iliyowapa ushindi ilikuwa ipi? Mojawapo ya hoja kuu ilikuwa ushiriki wa umma. Jopo liliona kwamba mikutano iliyofanywa hapo awali ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Ripoti ya athari za mazingira ilipokamilika, watu waliohusika hawakupewa nafasi ya haki ya kuielewa na kuijibu. Ikumbukwe kwamba kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinadai angalau mikutano mitatu ya hadhara, matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mtu wa kupokea na kunakili maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Kwa hiyo lugha si pambo linalowekwa baada ya kazi kwisha. Ni sehemu ya sheria yenyewe.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nirudi kwenye taaluma yangu kidogo. Tazama jinsi kitenzi kinavyonyambuliwa. Tukisema wananchi wameshiriki, wao ndio watendaji. Tukisema wameshirikishwa, tumeongeza viambishi viwili, cha usababishi na cha kutendwa, na papo hapo mtendaji amebadilika: yuko mtu mwingine aliyetenda, nao wametendwa. Katika nyaraka na hotuba zetu tumezoea kusema “ushirikishwaji wa umma”. Neno hilo ni sahihi kisarufi, lakini linatufundisha kungoja. Anayengoja kushirikishwa hungoja aitwe, aletewe kiti, asomewe karatasi asiyoielewa, atie sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, kisha aende zake. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kesho kuwa ushahidi kwamba alikubali.

Kifungu cha 10 cha Katiba kinahesabu kushiriki kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi, bega kwa bega na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Fauka ya hayo, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema waziwazi kwamba ombi la habari litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anayehusika anatakiwa kutoa jibu lake katika muda usiozidi siku 21. Hata asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa huyo kuliwasilisha ombi lake. Ni vikundi vingapi vya mitaani vimewahi kuandika barua ya namna hiyo, kuuliza ni kiasi gani kilichotengewa mitaro ya soko lao, na ni mkandarasi gani aliyelipwa?

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba wananchi wakijisafishia mji wenyewe, wanaisaidia kaunti kukwepa wajibu wake, maadam kodi na ada za leseni zimekwisha kulipwa. Hoja hii ina uzito. Lakini dawa yake si kuuacha mtaa uoze ili serikali ione aibu, kwa kuwa anayeugua kipindupindu si serikali. Dawa ni kuhakikisha kwamba kila siku ya kufagia ina barua yake: tumezoa taka mahali fulani, siku fulani, kazi ambayo kisheria ni yenu, tunaomba ratiba ya lori na jina la anayehusika. Kikundi kikitunza nakala za barua hizo kwa mwaka mmoja, kitakuwa na hoja ambayo hakuna diwani awezaye kuipuuza kwa mzaha.

Wa pili watasema Kiswahili hakina istilahi za kueleza bajeti na mipango ya miji. Hawa huwa sielewi wanaishi wapi. Neno bajeti lenyewe ni la Kiswahili sasa, pamoja na zabuni, ruzuku, nakisi, mkandarasi na mkaguzi wa hesabu. Istilahi haziotei kabatini, huota zinapotumiwa. Serikali ya kaunti inayochapisha mpango wake wa maendeleo kwa Kiingereza kitupu haifanyi hivyo kwa uhaba wa maneno. Nayo haitabadilika mradi hakuna anayeiuliza. Hata vikundi vyenyewe, kama tulivyoona, mara nyingi hujipa majina ya Kiingereza, kana kwamba anayehitaji kuwaelewa kwanza ni mgeni.

Ndipo ninapokugeukia wewe, mwalimu mwenzangu, na wewe mwanafunzi. Kila mwaka, katika maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi wetu huandika insha za uamilifu kwa maelfu: kumbukumbu za mikutano ya vyama visivyokuwepo, ripoti za kamati ambazo hazikuundwa, na barua rasmi kwa wakurugenzi wa kubuniwa. Wakishasahihishiwa, karatasi huishia kufungia maandazi. Wakati huohuo, umbali wa kutupa jiwe kutoka lango la shule, kuna kikundi cha akina mama na vijana kinachokutana kila mwezi chini ya mwembe bila ya kuwa na katibu wa kuandika kumbukumbu. Kwa nini hawa wasikutane?

Mwalimu akiwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye mkutano wa namna hiyo, watajifunza kumbukumbu ni nini kuliko kwa kunakili mifano ubaoni. Wakipewa kurasa mbili za bajeti ya kaunti wazifupishe kwa Kiswahili kinachoeleweka na muuza mboga, watakuwa wamefanya ufupisho, tafsiri na uraia kwa pamoja. Mtaala wa umilisi tayari unazungumzia mafunzo ya huduma kwa jamii. Yasiwe ya kuokota karatasi pekee. Mwanafunzi anayeweza kuandika barua ya kudai mtaro uzibuliwe ameihudumia jamii kwa namna ambayo ufagio hauwezi. Kwa upande wetu sisi wa vyuo vikuu, tusione haya kuzitafsiri nyaraka za kaunti tunamoishi badala ya kurundika makala yanayosomwa na watahini watatu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeushika usemi huo kupita kiasi: tumengoja mfadhili aje, mtaalamu aje, waziri aje, ili miji yetu ipone. Lamu na Dandora zinatuonyesha kwamba mwenyeji anaweza kuanza kujiponya kabla ya mgeni kubisha hodi. Anachohitaji ni ufagio katika mkono mmoja na kalamu katika mkono wa pili, na lugha ambayo jirani yake hahitaji kufasiriwa.