Nani Ajinyenyekeze?

Ipo fasiri moja ya kisa cha kuosha miguu, katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, iliyozoeleka mno hata haihojiwi tena. Husemwa: Yesu alijishusha, basi nasi tujishushe, utukufu utakuja baadaye kama ujira. Sisi twaipinga fasiri hiyo, wala si kwa hoja ya dini, bali kwa hoja ya lugha na utungaji.

Kwanza, tutazame mpango wa kisa. Mwandishi hasemi kwamba Yesu aliosha miguu ili apewe enzi. Ametanguliza habari kwamba Yesu alijua vitu vyote vimekwisha kutiwa mikononi mwake. Ndipo alipoondoka mezani, akavua mavazi ya nje, akajifunga kitambaa. Utukufu umetangulia, na unyenyekevu ndio uliouonyesha. Petro akataa kuoshwa kwa kuwa anadhani mkubwa hawezi kuinama akabaki mkubwa. Kisa chamkosoa yeye, nasi pamoja naye.

Pili, tukumbuke kazi ya kiambishi "ji". Mtu hujinyenyekeza; akinyenyekezwa na mwingine, hilo ni tendo jingine kabisa, ijapokuwa mgongo umeinama vilevile. Mwalimu apitaye Zone Industrielle, mjini Bujumbura, na awatazame wachukuzi wa magunia. Migongo yao imeinama, lakini nani atathubutu kusema wamejinyenyekeza? Wameinamishwa na mzigo na haja ya posho. Kumhubiria mtu huyo ajishushe zaidi ni kumnyang'anya hata hiyo "ji" yake.

Siku zile kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya watumwa. Hata hivyo, katika kisa hicho hakuna mtumwa hata mmoja anayeambiwa aoshe kwa bidii zaidi. Anayeinama ni mwenye mamlaka. Kwa hiyo kisa hakimlengi mbeba gunia. Chamlenga mwenye gunia, msimamizi wake, na karani akaaye kivulini akihesabu.

Watatujibu kwamba unyenyekevu ni wa watu wote, na kutuelekeza kwenye Luka 14. La hasha! Mfano ule wa karamu waliambiwa wageni waliokuwa wakichagua viti vya mbele, si maskini waliokosa hata mwaliko.

Tena Yesu, baada ya kuosha, havikani vyeo vyake. Avikubali viwili: Bwana na Mwalimu. Hicho cha pili ndicho chetu, ndugu walimu. Basi tukitunga mtihani juu ya kisa hiki, tusiwaulize wanafunzi wamejifunza nini juu ya utii, kwani utii haumo humo. Tuwaulize: Ni nani, kati ya wote waliokuwamo chumbani, aliyekuwa na uwezo wa kutoinama?