Bathdei kwa boti, mbona si Nairobi?

Bathdei yako ikifika, usiniambie ni klabu tena. Vijana wa London hupanda boti kwenye Mto Thames pale Tate Britain, wakashukia Tate Modern, jumba la sanaa lililofunguliwa 2000 ndani ya kituo cha zamani cha umeme. Michoro mingi huonwa bure.

Lakini mwaka 1957 wataalamu walitangaza kuwa mto huo umekufa. Leo una samaki.

Sisi je? Mto Nairobi unapita karibu na Makumbusho ya Taifa, yenye sanaa tele, na ukiukaribia unaziba pua. Boti hatujadai bado, tunadai maji safi kwanza. Na hiyo chupa mkononi mwako, msee, utaitupa wapi?